Kanisa Lililokaa Kibla

Jumatatu ile Padri Tobias aliporudi kutoka kwao Muheza, alikokuwa amekwenda kumzika mama yake na kumaliza miezi mitatu ya likizo, jambo la kwanza lililompata ndani ya kanisa lake jipya ni kupigwa jua la sikio.

Kuta zilikwisha kufika kwenye linta, juu ya madirisha, paa bado. Padri aliweka mkoba chini, akapita katikati ya marundo ya matofali mpaka mahali itakapokaa madhabahu, akafumba macho na kuinua uso ili jua la asubuhi limwangukie. Jua likamwangukia sikio la kulia. Akajisogeza, likampata shavu. Akarudi pale pale, sikio. Mwanahawa, mke wa fundi, ambaye alikuwa akitua ndoo ya uji wa vibarua mlangoni, alimwona akizungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akadhani mzee wa watu amechanganyikiwa na safari, maana kutoka Tanga mpaka Tabora kwa treni si mchezo.

"Shikamoo, Padri. Karibu tena. Na pole kwa msiba."

"Marahaba, Mama Tatu. Nimeshapoa." Padri hakugeuka. "Hebu niambie. Jua siku hizi linachomoza wapi?"

"Pale pale pa zamani, Padri. Kwa yule jirani mwenye mbuzi."

Alinyoosha mwiko wa uji kuelekea ukuta mrefu wa kulia, wenye matundu manne ya madirisha. Padri akautazama ukuta ule. Kisha akatazama mbele yake, kwenye ukuta mfupi ambao fundi alikuwa ameupamba kwa upinde mzuri wa matofali ya kuchoma. Uso wake ukawa wa majivu.

"Mwite mumeo," alisema.

*

Tabora ni mji ambao Mungu amepangisha vyumba vyake vyote. Waislamu walifika na misafara ya pembe, wakajenga, wakaota mizizi. Wakatoliki wana kengele inayoamsha hata wasiotaka kuamka. Wamoravian wana matarumbeta. Waanglikana waliletwa na reli: Wabondei, Wagogo, makarani na mafundi wa vichwa vya treni, na wenyeji waliwaita kwa utani Wakristo wa behewa la tatu.

Miaka mingi walisali ndani ya ghala la mizigo, kati ya magunia ya karanga na ngozi za ng'ombe, na wazee wao husema kwamba mpaka leo wakisikia harufu ya ngozi mbichi magoti yanakunjika yenyewe. Mwaka wa Uhuru walipewa kiwanja upande wa Ipuli, wakajenga kwa matofali ya udongo. Mchwa wa Ipuli hawana dini. Mwaka wa sabini, katika ndoa ya karani mmoja wa stesheni, padri wa wakati huo aliuliza kama yuko mwenye pingamizi aseme sasa au anyamaze milele, na boriti ya katikati ikajibu. Hakufa mtu, lakini bibi harusi alirudi kwao na kichwa kilichojaa mchwa, na ndoa ile ikaja kufungwa kwa Wamoravian.

Tangu hapo walisali chini ya turubai la kuazima, miaka sita, mpaka walipopata kibali cha saruji. Saruji siku zile ilikuwa kama haji: wengi waliitamani, wachache waliifikia. Wakamchukua Lukumani, fundi mwashi wa Cheyo, mtu aliyejenga misikiti miwili na kuta zake hazijawahi kulala upande.

Mwanahawa alikuwepo siku walipoagana. Alikuwa ameleta vitumbua. Padri alikuwa na mguu mmoja ndani ya gari la kukodi, treni inapiga honi, na Lukumani amesimama na kamba na vigingi vyake kwenye kiwanja kitupu.

"Sasa Padri, umeniachia kazi hujaniambia uso," Lukumani alisema. "Mbele niweke wapi?"

"Kibla, fundi! Madhabahu ikae kibla!" Padri akaingiza mguu wa pili, gari likaondoka.

Lukumani aliliangalia vumbi la gari mpaka likatua. "Wakristo wamekuwa waungwana siku hizi," alisema mwishowe.

"Au ndiyo ujamaa wenyewe huo," Mwanahawa akajibu, naye akafungua vitumbua.

Basi akapima. Alipima siku tatu, kwa kigingi na kivuli cha adhuhuri na kamba ya katani, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake: kutoka Tabora kibla ni kaskazini, ukiegemea mashariki kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachomtenganisha fundi na mpiga tope. Kuta zikapanda. Waumini walipita, wakaona, wakanyamaza. Mmoja alidhani ni kwa sababu ya barabara. Mwingine alidhani ni kwa sababu ya upepo. Bwana Bernardo, katibu wa kanisa, karani wa tiketi mstaafu ambaye alisoma matangazo ya ibada kama anayetangaza treni iliyochelewa, aliona kabisa kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, lakini alidhani ni agizo kutoka juu. Na miaka ile mtu hakuuliza agizo kutoka juu.

*

Kamati ilikaa Jumatano ndani ya kuta zile zile. Wanakamati walikalia mbao. Lukumani alisimama. Mwanahawa, aliyekuja bila kuitwa, aliambiwa akae kando, na kwa kuwa hapakuwa na kiti akakaa juu ya debe tupu la rangi, ambalo lilikuwa likitoa mlio kila alipopumua.

"Ajenda ya kwanza," Bernardo alisoma, "kanisa kukaa upande."

"Halijakaa upande," Lukumani alisema. "Weka timazi popote unapotaka."

"Fundi, utajibu ukiulizwa. Askofu anakuja wiki sita zijazo kufungua. Nimeshamwandikia. Saruji yote ni ya kibali, na wenye kibali watauliza imekwenda wapi. Sasa, ulipewa maelekezo gani?" Bernardo aliuliza.

"Niliambiwa kibla."

Kicheko kikapita kwenye mbao. Padri Tobias hakucheka. Alikuwa mtu mwema, hilo hata Mwanahawa hakulikana baadaye, lakini alikuwa amekonda kwa msiba na alikuwa akimwogopa Askofu.

"Fundi Lukumani," alisema kwa upole, "mimi ni padri mwaka wa kumi na tisa. Nitasemaje kibla? Nilisema mashariki. Kanisa letu huelekea mashariki, tangu enzi na enzi. Labda kelele za treni."

"Alisema kibla!" Mwanahawa akainuka, debe likalia. "Nilikuwepo na vitumbua vyangu. Mguu mmoja ndani ya gari, mmoja nje. 'Madhabahu ikae kibla.' Neno kwa neno."

Bernardo alishusha miwani. "Mama, wewe ni mke wa mhusika."

"Sasa kama mimi mke wake ndiyo sina masikio?"

"Na hujabatizwa. Hatuwezi kukuapisha kwa Biblia."

"Leteni msahafu."

Wanakamati wakatazamana. Kanisa halikuwa na msahafu. Mmoja akasema kwa jirani mwenye mbuzi upo, mwingine akasema je Askofu akisikia kwamba msahafu ulifunguliwa humu, si ndiyo tutakuwa tumemaliza kabisa kazi aliyoianza fundi? Wakacheka tena. Mwanahawa aliona kichwa cha mumewe kinavyozidi kuinama, na moyo ukamuuma, kwa sababu alimjua: Lukumani angeweza kubishana na ukuta mpaka ukuta ukanyooka, lakini hakuweza kumwambia mtu mwenye joho kwamba anasema uongo.

"Mama Tatu, kaa," Lukumani alisema. Kisha akamgeukia Padri. "Kama wewe unasema ulisema mashariki, Padri, basi itakuwa ni sikio langu. Siwezi kukuumbua."

Bernardo akaandika haraka haraka, kabla neno halijapoa. Ikaamuliwa kwamba fundi ameachishwa kazi kwa kuharibu jengo, kwamba kuta zitabomolewa, na kwamba barua ipelekwe ofisi ya tawi la chama ili wenye kibali wajue kosa ni la nani. Padri alitia sahihi bila kuinua macho. Halafu, ili kumbukumbu iwe kamili, wakamtaka fundi apime urefu wa ukuta wake uliokosewa mbele yao. Lukumani akapima. Alipiga magoti pale chini, akakunjua futi yake, akataja namba kwa sauti, na Bernardo akaandika.

*

Barua ilifika tawini kabla wao hawajafika nyumbani. Alhamisi asubuhi wakaitwa.

Katibu wa tawi alikuwa Bwana Masolwa, mtu mnene mwenye mhuri mdogo. Mwaka ule mjini kila mtu alitakiwa awe na karatasi inayosema anafanya kazi gani, na asiyekuwa nayo aliitwa mzururaji, hata kama miguu yake imepooza. Karatasi ya Lukumani ilikuwa barua ya kanisa. Sasa kanisa lile lile lilikuwa limeleta nyingine.

"Hii inasema umeachishwa," Masolwa alisema. "Aliyeachishwa hana kazi. Asiye na kazi mjini anakwenda kujenga taifa kijijini. Lori linaondoka Jumatatu asubuhi, njia ya Ziba. Mtapewa ekari na jembe. Huko kuna pamba, kuna ng'ombe."

"Mimi ng'ombe namjua akiwa kwenye mchuzi," Mwanahawa alisema.

"Mtazoeana."

"Bwana Masolwa, nyumba ile ya Cheyo ndimo alimozaliwa bibi yangu. Binti yangu Tatu yuko darasa la saba, mtihani umebaki miezi miwili. Mume wangu ana miaka hamsini na mbili, hajawahi kushika jembe ila kwa kuchanganya udongo. Utatupeleka Ziba kwa neno moja?"

Masolwa alikuna kidevu. Hakuwa na ubaya na mtu. "Mama, mimi maneno sisomi. Nasoma karatasi. Niletee karatasi ya kanisa inayosema fundi hana kosa, nitagonga mhuri hata nikiwa nakula. Bila hiyo, fungasheni. Sufuria zifungwe kwa kamba, barabara ni mbaya."

Walipofika kwenye kichochoro chao Lukumani akasimama.

"Nilipima siku tatu, Mama Tatu," alisema. "Siku tatu. Nenda kaweke uzi kwenye misikiti yote ya mji huu, ile niliyojenga mimi na ile waliyojenga wengine. Hakuna hata mmoja uliokaa kibla sawasawa kama kanisa lile."

"Ndiyo uende ukamwambie Padri hivyo!"

"Nimwambie nini? Kwamba ni mwongo, mbele ya watu wake? Mtu ametoka kumzika mama yake?"

Mwanahawa alitaka kumpiga kwa kanga. Alitaka pia kumshika mkono. Hakufanya lolote, kwa kuwa majirani walikuwa wakiwaangalia na mmoja alikwisha kuuliza kama wanauza kitanda.

*

Jumamosi jioni alikuja Nyamizi, jirani wa ukuta mmoja. Nyamizi alikuwa Mnyamwezi wa vijijini aliyebatizwa siku alipoolewa na mpiga rangi wa mabehewa, na dini aliichukua kama alivyomchukua mume: bila maswali mengi. Alikuta Mwanahawa anafunga sufuria kwa kamba, akaketi chini na kuanza kulia kabla ya kusalimu kwa Kinyamwezi chake.

"Mwadila, ndugu yangu. Sasa nitaazima chumvi kwa nani?"

"Usinilize, Nyamizi. Badala ya kulia nisaidie. Huko kwenu kanisani mtu akitaka kusema na watu wote, anasema saa ngapi?"

Nyamizi alifuta pua. "Kwenye matangazo. Aliyepotelewa na mbuzi, anayetaka kuoa, wote ni hapo. Unataka kufanya nini, wewe?"

"Nataka kusimama mbele ya watu wote nimwulize Padri kama anamwogopa Mungu au hamwogopi."

"Yesu wangu!" Nyamizi alitazama mlangoni kama Padri yupo barazani. Kisha, maana alikuwa mwanamke na moto wa jirani ni moto wake, akasogea karibu. "Basi usiinuke mapema ukaharibu. Kwanza tunaimba. Halafu tunaungama. Halafu masomo, unakaa tu. Halafu Imani, ile 'Namwamini Mungu', tunasimama wote. Tukikaa baada ya Imani, ndiyo matangazo. Hapo ndipo mahali pako."

"Imani, tukikaa, matangazo," Mwanahawa alirudia, akihesabu kwa vidole kama mtoto anayetumwa dukani.

Hakumwambia mumewe. Lukumani alikuwa uani akisugua mwiko wake kwa mchanga, mwiko ambao tayari ulikuwa ukimeta kama pete, na alipomaliza aliufunga ndani ya gunia pamoja na timazi na pimamaji, akalikaza gunia kwa fundo ambalo hata yeye mwenyewe angehangaika kulifungua.

*

Turubai lilikwisha kurudishwa reli, kwa hiyo Jumapili ile walisali ndani ya kuta za hatia, chini ya mbingu wazi, mbao zimepangwa juu ya matofali. Mwanahawa alivaa buibui lake la Idi. Alisimama kwenye tundu la mlango, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na alipogundua kwamba amesimama kama Padri alivyosimama siku ile ya gari, akaona si vizuri, akaingiza na wa pili.

Watu waligeuza shingo. Bernardo alimkazia macho kama abiria asiye na tiketi. Mwanahawa akaamkia kwa kichwa, akabaki pale pale.

Wakaimba. Wakaungama, na orodha ya dhambi ilikuwa ndefu kuliko alivyotarajia kwa watu waliokuwa wakimcheka mumewe Jumatano. Ukaja wakati wa masomo. Maneno aliyoyapanga usiku kucha, Padri nakuuliza mbele ya umma huu, yalikuwa yakimponyoka moja moja kama vitumbua kwenye karai lenye tundu. Akawaza lori. Akawaza Tatu akifanyia mtihani kwenye shule ambayo haijajengwa. Akawaza mumewe amepiga magoti na futi mkononi.

Padri Tobias akafunga kitabu. Akatazama watu wake, uchovu umemjaa usoni, akainua mikono na kusema kwa sauti ile ile ya kila Jumapili, sauti ya mtu anayesema jambo alilolisema maelfu ya mara na hajisikii tena:

"Na tusimame, tuelekee kibla, tukiri imani yetu."

Watu wakasimama. Padri mwenyewe, kwa mazoea ya mwili wake, akageukia jua, yaani kwenye ukuta wenye madirisha. Nusu ya watu wakamfuata Padri. Nusu nyingine wakabaki kuelekea meza, maana ndiko mbele. Mzee mmoja wa Kigogo akageuka nusu, akamkanyaga mpiga rangi wa mabehewa. Wanakwaya wawili wakagongana vipaji vya nyuso. Ile Namwamini ikaanza huku na kule, ikakatika.

Na katika ukimya ule ikasikika sauti ya mwanamke mlangoni. Hakupiga kelele. Aliuliza kama mtu aulizavyo njia.

"Kibla ipi, Padri?"

Padri alikuwa ameelekea jua. Akageukia meza. Akageukia tena jua. Mwisho akamgeukia Mwanahawa, na midomo yake ikatembea kidogo, kama anarudia neno kulionja.

"Nimesemaje?" alimwuliza Bernardo kwa sauti ndogo.

Bernardo alivua miwani. Katika maisha yake alikuwa amesema uongo mwingi mdogo kuhusu saa za treni, lakini lililokwisha kutangazwa mbele ya watu kwake lilikuwa limetangazwa. "Umesema kibla, Padri."

"Leo tu?"

"Kila Jumapili, Padri," Nyamizi alijibu kutoka upande wa wanawake. "Miaka yote sita tangu uje, na mimi leo ndiyo nagutuka."

"Kila Jumapili! Mbona hamkuniambia?"

Nyamizi ndiye aliyejibu tena, kwa unyofu wote wa moyo wake. "Tulidhani ndiyo Kianglikana."

Mtu mmoja akacheka puani, akajizuia, ikashindikana, na kicheko kikapasuka pande zote, mpaka jirani mwenye mbuzi akachungulia dirishani kujua Wakristo wamepatwa na nini. Padri Tobias hakucheka. Alikaa juu ya rundo la matofali, na kanzu yake nyeupe ikapata vumbi.

"Marehemu mama yangu," alisema. Watu wakasogea kumsikiliza. "Kwetu Muheza nyumba ilikuwa moja, huku Waislamu, huku Wakristo, babu alikuwa na wote. Mama akitupeleka kanisani alikuwa akitushika mabega wakati wa Imani, anatugeuza. 'Elekea kibla, mwanangu.' Nilikuwa na miaka minne. Kwangu mimi mashariki imekuwa ikiitwa hivyo tangu hapo." Akajifuta uso kwa kiganja, na kiganja kikaacha mstari wa vumbi. "Jumatano nilisema sikulitamka neno lile. Ningeapa. Ndugu zangu, fundi alinisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwenyewe, na nimetia sahihi ya kumhukumu mtu asiye na kosa."

Kisha akainuka, na hapo Mwanahawa akaona kwamba ana uwezo wa kuwa mtu mkubwa akitaka.

"Bwana Bernardo, chukua karatasi."

"Sasa hivi, Padri? Katikati ya ibada?"

"Lori la kumchukua fundi kesho litasubiri?"

Bernardo akapindua karatasi ya matangazo, akaandika mgongoni mwake, akiwa amesimama, Padri akimtajia neno baada ya neno. Padri alipofika mwisho alifikiri kidogo, akaongeza mstari mmoja. Wanakamati wote wakaitwa mbele kutia sahihi, mmoja mmoja, kama wanaokwenda kupokea komunyo, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwanamke wa mlangoni.

"Na kuta?" Bernardo aliuliza.

"Kuta zibaki. Askofu akiuliza nitamweleza mimi. Namwambia ni mama yangu ndiye aliyezigeuza."

Hapo ndipo walipoimaliza ile Imani. Kila mtu alielekea alikoona panafaa.

*

Mwanahawa alimkuta Bwana Masolwa nyumbani kwake anakula ugali na mlenda. Alisoma karatasi pande zote mbili, na upande wa matangazo akajifunza kwamba mtu mmoja wa Ipuli amepotelewa na mbuzi. Akaisoma tena ya upande wa pili.

"Karatasi ni karatasi," alisema. Akaosha vidole, akaigonga mhuri pale mezani karibu na bakuli, na tone la mlenda likabaki kwenye pembe ya karatasi mpaka leo. "Lori nitawaambia wasipite kwako."

Mwanahawa alikimbia kichochoro kizima na buibui la Idi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe.

Lukumani alikuwa amekaa juu ya gunia la vifaa, nyumba imefungashwa yote, hata kioo kimegeuziwa ukutani. Tatu alikuwa kando yake na mabegi ya shule.

"Umetoka wapi na buibui la Idi?"

"Kanisani."

"Wapi?"

"Kanisani, Baba Tatu. Kwenye ibada."

Lukumani alisimama. "Umeingia kanisani? Wakati wanasali? Mke wangu mimi? Nilikwambia niache na aibu yangu, wewe ukaenda kuiongeza!"

Mwanahawa alimpa Tatu karatasi. Tatu akaisoma kwa sauti ya darasani, akisimama kila penye nukta: kwamba sisi tuliotia sahihi hapa chini tunakiri kuwa barua ya Jumatano haikuwa ya haki, kwamba Padri Tobias ndiye aliyetamka kibla, kwa mazoea yake mwenyewe, kwamba fundi Lukumani wa Cheyo hajaachishwa na anaendelea na kazi mpaka paa, na kwamba alipima sawasawa.

"Rudia hapo," Lukumani alisema.

"Wapi, baba? Pa kazi?"

"Hapana. Pa mwisho."

"Na kwamba alipima sawasawa."

Lukumani akakaa tena juu ya gunia, akafunika uso kwa mikono yake yenye saruji kwenye mistari ya vidole, mabega yakamtikisika. Mwanahawa alilia naye, waziwazi, bila kujificha kwa majirani, na yule aliyetaka kununua kitanda akaondoka mlangoni bila kuaga.

Baada ya muda Lukumani akajipangusa. Akaanza kuhangaika na fundo la gunia, ambalo kweli lilimshinda, na akiwa bado ameinamia kamba akauliza polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana anauliza:

"Na wale walipokuwa wakisali, Mama Tatu, wewe ulikuwa unafanya nini mle ndani?"

"Nilielekea kibla," Mwanahawa alisema. "Umeipima mwenyewe, ningekosaje?"